Niliyoyasoma Katika Daftari la Mama

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mama zetu. Najua utasema, habari hiyo tunaijua. Kila mtu ana mama. Kila mtu husema, "Mama ni mama." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Lakini nilikuwa nasema tu, sijui ninachosema. Leo nitakueleza jinsi nilivyokuja kujua. Katika habari hii kuna aibu yangu mwenyewe, nayo sitaificha.

Mimi ni mtu wa Kwimba, katika mkoa wa Mwanza. Nilizaliwa mwaka 1963. Nilikuwa mwalimu. Sasa nimestaafu, ninalima na kufuga kidogo. Mama yangu bado yu hai. Umri wake ni zaidi ya miaka 80. Macho yake yamepungua nguvu. Masikio yake ni mazima, tena husikia hata yale usiyotaka ayasikie.

Mwaka jana, wakati wa mvua, nyumba ya mama ilivuja. Nilikwenda na kijana wangu kutoa vitu ndani ili tuezue na kuezeka upya. Tulitoa kitanda, vyungu, magunia ya michembe, na sanduku moja la bati. Sanduku hilo lilikuwa limeingia maji. Nikalifungua ili nianike vitu juani. Ndani mlikuwa na vitenge, cheti cha kisomo, na daftari kuukuu. Jalada lilikuwa limetoka. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mende. Nilitaka kulianika tu. Lakini nikaona mwandiko wa mama, nikaanza kusoma.

Kwanza nikueleze mama alijuaje kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baada ya hapo madarasa ya kisomo yalifunguliwa kila mahali. Watu walisoma chini ya miembe, katika maghala na katika nyumba za watu. Mama aliingia kisomo mwaka 1974. Kitabu chao kilihusu kilimo cha pamba. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, ambaye mama alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Mimi nilikuwa darasa la nne. Nilikuwa naona haya mama yangu akikaa kwenye gogo na kuimba "ba, be, bi, bo, bu" pamoja na wazee. Alishika penseli kwa nguvu kama mtu anayeshika mpini wa jembe. Ilikuwa ikivunjika kila mara. Siku moja nilimcheka mbele ya wenzangu. Hakunipiga. Alichonga penseli, akaendelea.

Mwezi wa Agosti mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa kisomo wa nchi nzima. Mama alifaulu. Mwalimu wao akawaambia, "Msiache kuandika, mtasahau. Kila siku andikeni hata mstari mmoja juu ya kazi za nyumbani." Nadhani wengi hawakufanya hivyo. Mama alifanya. Aliandika karibu miaka mitatu, mpaka daftari likajaa.

Sasa sikiliza alivyokuwa akiandika. Hakuandika maneno mengi. Ukurasa mmoja unasema hivi: "Maji mara 4. Kuni. Palizi ya pamba mistari 6. Mtoto ana homa." Siku ya pili: "Maji mara 4. Palizi mistari 5. Mtoto ana homa. Sikulala." Siku ya tatu: "Maji mara 4. Palizi mistari 6. Mtoto amekula uji."

Mtoto huyo aliyekuwa na homa ni mimi. Nilimtambua kwa mwezi uliotajwa. Nakumbuka ule ugonjwa. Nakumbuka nililala mkekani na kupewa uji wa ulezi. Lakini mistari 5 na mistari 6 ya palizi sikuikumbuka, kwa sababu sikuiona. Mgonjwa huona uji tu.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Wewe uliyejifunza kuhesabu, tuhesabu pamoja. Wakati ule mama aliteka maji kwa debe. Debe likijaa maji lina uzito wa karibu kilo 20. Kisima kilikuwa mwendo wa nusu saa, na kurudi nusu saa. Kwa hiyo kila debe ni saa moja. Madebe 4 ni saa 4 kila siku. Zidisha kwa siku 365. Unapata saa 1,460. Ukizigawanya kwa saa 24 unapata karibu siku 61. Maana yake ni kwamba, katika kila mwaka, mama alitembea na debe kwa miezi miwili, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Na hapo sijahesabu kiangazi, kisima kinapokauka. Wakati huo wanawake walichimba mchanga wa mtoni na kungoja maji yajae kata moja moja.

Nilirudia hesabu hiyo mara mbili. Nilidhani nimekosea.

Kisha nikafika ukurasa wa mwaka 1976. Mwaka huo mama alijifungua mdogo wangu wa kike. Daftari linasema, "Nimejifungua mtoto wa kike usiku." Baada ya hapo hakuna maandishi kwa siku 9. Halafu yanaanza tena: "Maji mara 2." Siku 9 tu, ndugu msomaji. Leo sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, anapata siku 100. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini mama wa shambani nani anampa likizo? Hana mwajiri. Likizo yake iko mikononi mwa watu anaokaa nao: mumewe, mama mkwe, wifi, watoto wakubwa. Wakisema apumzike, atapumzika. Wakinyamaza, siku ya kumi atachukua debe.

Mwaka huohuo, miezi michache baadaye, kuna mistari ambayo niliisoma nikakaa chini. "Mdogo wangu amefariki kwa uzazi. Damu. Mtoto nimemchukua." Yule alikuwa mama yangu mdogo. Nilikuwa na miaka 13, nakumbuka msiba. Alijifungulia nyumbani, damu haikukatika. Wanaume walimweka kwenye kitanda cha kamba wakaenda naye mbio, zahanati ilikuwa mbali. Hakufika.

Mama akarudi na mtoto wa dada yake. Nyumbani alikuwa na mtoto wake mwenyewe anayenyonya. Akawanyonyesha wote wawili, huyu titi la kulia, yule titi la kushoto. Mdogo wangu yule wa kiume leo ni fundi seremala, ana wajukuu. Sisi hatujawahi kumwita mtoto wa mama mdogo. Yeye ni mdogo wetu. Watu wakiuliza maana ya uzazi ni nini, wengi hujibu kwamba ni kuzaa. Mimi nimeona mama asiyezaa mtoto akawa mama yake kabisa, na hakuna hata siku moja aliyomkumbusha deni hilo. Nawajua pia watu waliolelewa na bibi, au na mama wa kambo mwenye moyo mzuri. Habari hii ni yao pia. Na yupo ambaye mama yake alimtendea vibaya. Huyo simlazimishi kitu.

Nisiache jambo la damu lipite hivihivi. Hesabu za serikali za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 556 walikufa kwa sababu ya uzazi. Hesabu za mwaka 2022 zilionyesha mama 104. Vifo vimepungua sana, lakini havijakwisha. Mama mjamzito akitokwa damu, akiumwa kichwa kikali, akiona giza, akivimba uso na mikono, au akishikwa na degedege, usingoje asubuhi. Usingoje mume arudi kutoka gulioni. Ni kituo cha afya mara moja. Na baada ya kujifungua, damu nyingi inaweza kumwua mama kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana tunaambiwa ajifungulie kituoni, na nauli iwekwe akiba mapema. Mama yangu mdogo hakuwa na bahati ya kusikia maneno hayo kwa wakati.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka 1977 nilimaliza darasa la saba, nikachaguliwa kwenda sekondari. Ilikuwa sifa kubwa kijijini. Shule haikudai karo, lakini nilitakiwa niende na sanduku, blanketi, shuka mbili, viatu na nauli. Januari 1978 baba alinisindikiza mpaka barabarani. Kabla basi halijafika, alitoa fedha kwenye kitambaa, akanihesabia mkononi. Sikusahau siku hiyo. Maisha yangu yote nilisema kwamba baba aliuza pamba yake akanipeleka shule.

Baba alifariki mwaka 1994. Siku ya kumaliza matanga nilisimama mbele ya watu wote. Nilikuwa mwalimu, nimevaa vizuri, maneno ninayo. Nikasema, "Baba huyu ndiye aliyenisomesha. Bila yeye nisingekuwa kitu." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nakumbuka aliangalia chini. Nilidhani ni kwa majonzi ya mumewe. Katika hotuba yangu yote sikutaja jina la mama hata mara moja.

Ukurasa wa Januari 1978, katika daftari, unasema hivi: "Nimeuza mbuzi 2. Fedha nimempa baba wa mtoto ampe mtoto. Mtoto ameondoka. Maji mara 4."

Niliusoma ukurasa ule mara nyingi. Halafu nilikwenda kwa mama. Alikuwa amekaa kivulini akipepeta karanga. Nikamwuliza, "Mama, mbuzi hawa walitoka wapi? Sisi hatukuwa na mbuzi." Akauliza ni mbuzi gani. Nikamsomea. Akacheka kidogo. Akasema mbuzi wale walikuwa kwa mjomba. Alikuwa akilima kipande cha karanga, anauza kidogo kidogo, na fedha akampelekea kaka yake amnunulie mbuzi na kumfugia.

Nikamwuliza, "Na fedha ya pamba ya baba?" Akasema pamba ya mwaka ule ilikwenda yote kwenye mahari ya baba mdogo. Baba hakuwa na kitu. Alikuwa halali kwa mawazo.

"Kwa nini hukunipa fedha wewe mwenyewe, mama?"

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Mwanangu, ulitaka uende shule ukijua baba yako hana kitu? Alikuwa mtu mzuri. Ilikuwa haki yake akusindikize."

Ndugu msomaji, mimi nimefundisha miaka zaidi ya 30. Sikuwa na la kujibu. Baada ya muda nikamwambia, "Mama, niliongea vibaya kwenye matanga." Akasema, "Uliongea vizuri. Baba yako alistahili." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Mimi nilingoja kidogo kama utafika na kwangu. Hukufika."

Maneno hayo aliyasema bila ukali. Yalinichoma kuliko ukali.

Nikaona njia ya kulipa. Nikamwambia nitachinja, nitaita ndugu na majirani, nitasimama tena na kusema ukweli mbele yao. Nitamletea na kitenge kizuri kutoka Mwanza mjini. Mama akasema, "Vitenge ninavyo. Nitavaa vingapi?" Halafu akanyosha kidole. Mkwe wangu, yaani mke wa kijana wangu, alikuwa akipanda kutoka bombani na ndoo kichwani. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama akauliza, "Yule mbona anabeba maji na hali ile? Na ile baiskeli iliyoegemezwa pale ni ya nani?"

Baiskeli ilikuwa ya kijana wangu. Na kijana wangu alikuwa amekaa nasi, anasikiliza habari za bibi yake na kusikitika sana.

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wetu. Tunapenda sana kumsifu mama aliyetuzaa. Tunamwimbia, tunalia tukimkumbuka. Lakini mama wa watoto wetu yuko mbele yetu na ndoo, wala hatumwoni. Nilijihesabu na mimi mwenyewe. Katika miaka yote ya ndoa yangu, nilichota maji mara ngapi? Sitaandika jibu hapa. Mke wangu husomewa gazeti hili, naye jibu analijua.

Kijana wangu alianza kuchota maji kwa baiskeli. Baiskeli inabeba madumu 3 ya lita 20 kwa safari moja. Safari moja yake ni safari tatu za mkewe. Vijana wenzake walimcheka kisimani. Walimwuliza kama amelishwa limbwata. Siku ya tatu alirudi amekasirika, akataka kuacha. Bibi yake akamwita, akamwambia, "Njoo unisomee daftari langu, macho yangu hayaoni." Akamsomesha ukurasa hata ukurasa: maji mara 4, maji mara 4, maji mara 4. Alisoma mpaka jua likazama. Asubuhi alifunga madumu kwenye baiskeli.

Sitaki kukudanganya kwamba sasa mambo yote ni mazuri. Mkwe wangu alijifungua salama katika kituo cha afya, akapumzika wiki 6 kamili. Sisi wengine tuligawana kazi zake. Lakini baada ya hapo kijana alianza kuchoka. Leo anachota, kesho anasahau. Inabidi akumbushwe. Desturi ya miaka mingi haitoki kwa siku moja, na mimi mwenyewe sijafika mbali.

Kuna jambo jingine, nalitaja kwa haraka kwa sababu linaniudhi. Wapo wana wanaomlilia baba msibani na kumkumbatia mama, kisha baada ya arobaini wanagawana shamba analolima huyo mama na kumwachia kona yenye mawe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mama akinyang'anywa, aende kwenye serikali ya kijiji, na wewe unayejua kusoma umsindikize.

Na wewe msomaji mpya, nina ombi. Sasa unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari. Kama mama yako yu hai, kaa naye jioni moja. Mwulize alichota maji wapi. Mwulize alizaa watoto wangapi, na wangapi walikufa, na majina yao. Mwulize aliuza nini ili wewe uvae. Andika kama anavyosema. Usimrekebishe. Kama amekwisha kufariki, mtafute mama mdogo au mama mkubwa, au jirani aliyekuwa akienda naye kisimani. Wanawake waliochota maji pamoja wanajuana mambo mengi.

Mkutano wa majirani tuliufanya hata hivyo. Mama alikataa ng'ombe, akakubali kuku. Nilisimama mahali palepale niliposimama mwaka 1994. Nikasema kwamba fedha aliyonihesabia baba ilikuwa ya mbuzi za mama, na kwamba wote wawili walinipeleka shule, mmoja kwa mkono wake na mwingine kwa jasho lake. Nikamtaja mama kwa jina. Kwetu Usukumani tunashukuru kwa kusema "wabeja". Nikamwambia, "Wabeja, mayu." Nilitaka kusema zaidi, sauti ikakataa. Mzee mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Mama aliangalia chini, kama siku ile ya matanga.

Habari hii kabla sijaipeleka gazetini nilimsomea yote, kwa kuwa ni yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza kama kuna nililokosea.

Akasema, "Umesahau kondoo. Sanduku lilinunuliwa kwa kondoo."